KUMFUNDISHA MWANAFUNZI KUUFIKIRIA MJI WAKE WA MIAKA 20 IJAYO

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wetu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Dar es Salaam, ipo mada moja ambayo wengi wao huipitia haraka, nayo ni ile inayohusu ukuaji wa miji. Aghalabu huiandika ubaoni kwa orodha: faida za miji, matatizo ya miji, njia za kuyatatua. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Hapana aliyewauliza wanafunzi kama mji unaosemwa ni huu wanaoishi, wala kama wao wenyewe wana neno la kusema juu yake.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu jinsi tulivyojaribu kuigeuza mada hiyo iwe somo la uraia hasa, pamoja na makosa tuliyoyafanya. Hoja yetu ni moja. Mtu hawezi kufikiri mambo ya mbali kwa sababu tu ameambiwa afikiri. Uwezo huo hufundishwa kwa hatua, kama kusoma na kuhesabu kunavyofundishwa. Na hatua ya kwanza, kwa kadiri tulivyoona, ni kutazama nyuma.

Mipango ya Jiji na Mwananchi

Kabla ya kuingia darasani yampasa mwalimu aielewe historia fupi ya mipango ya jiji lenyewe. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa katika sehemu tatu ambazo wazee bado wanazitaja: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini. Mwaka 1949 uliandaliwa mpango kabambe wa jiji na wataalamu wa Kiingereza. Baada ya uhuru ukafuata mpango wa mwaka 1968, kisha ule wa mwaka 1979, yote miwili ikiandaliwa kwa kazi ya makampuni ya Canada. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kuliongoza jiji hadi mwaka 1999. Muda huo ulipokwisha, jiji lilikwenda miaka mingi bila mpango kabambe mwingine ulioidhinishwa.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu wataalamu. Mpango wa 1979, mathalani, uliliweka bonde la mto Msimbazi katika ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Wataalamu waliona sawasawa. Lakini ujuzi huo ulibaki katika vitabu na ramani za ofisini, na watu waliohitaji nyumba za bei nafuu karibu na mji wakaendelea kujenga bondeni. Mwezi Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha, watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Jambo hili linamhusu mwalimu moja kwa moja. Mpango unaojulikana na watu kumi tu, hata ukiwa mzuri namna gani, hauna mlinzi. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa miaka mitano. Mpango wa jiji ni wa miaka 20. Maana yake ni kwamba vipindi vinne vya uongozi vitapita kabla mpango haujatimia. Atakayekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho ni mwananchi, na hasa yule ambaye leo yumo darasani.

Haifai kusahau pia kwamba jiji limewahi kufuata njia nyingine. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishiriki katika kuchagua na kujenga mifereji na barabara za mtaa wao. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walichora ramani za mitaa, mifereji na sehemu zinazofurika maji. Aidha Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitaka mamlaka za upangaji ziwashirikishe wananchi na kupokea maoni yao. Mlango, basi, upo. Linalotakiwa ni kumwandaa mtu atakayeingia.

Kosa Letu la Kwanza

Mara ya kwanza tulipojaribu somo hili, tulimwelekeza mwanachuo wetu awaambie wanafunzi wa Darasa la Sita wachore picha ya jiji lao la miaka 20 ijayo. Tulidhani tumebuni zoezi zuri. Wanafunzi walichora kwa furaha: maghorofa ya vioo, barabara zinazopita juu ya barabara, treni za umeme, helikopta juu ya mapaa. Picha zilikuwa 45. Tulipozikusanya na kuziangalia kwa makini jioni ile, hatukuona choo hata kimoja, wala mfereji, wala mti wa kivuli, wala soko. Shule yenyewe iko karibu na bonde, na masika hayapiti bila baadhi ya watoto hao kukosa masomo kwa ajili ya maji. Lakini hakuna aliyelichora bonde.

Mwanzoni tulitaka kuwalaumu wanafunzi kwamba wametazama televisheni kupita kiasi. Baadaye tukatambua kwamba kosa lilikuwa katika swali letu. Tuliwauliza wanataka nini, nao wakajibu kama mtu anayeulizwa sokoni angenunua nini kama angekuwa na fedha zote za dunia. Swali lisilo na gharama huzaa jibu lisilo na uzito. Tena tuliwarusha miaka 20 mbele bila kuwapa mahali pa kukanyaga. Mtoto wa miaka 12 hajaishi hata miaka 20. Atajuaje urefu wake?

Hatua za Somo

Baada ya kosa hilo tulilipanga somo upya kwa vipindi vitano. Zana zake ni za kawaida: kamba, chaki, karatasi za manila, na maharage kiasi cha kikombe kimoja.

Kipindi cha kwanza: Kuupima muda. Mwalimu hufunga kamba kutoka ukuta mmoja wa darasa hadi mwingine. Katikati yake hutundika karatasi yenye mwaka wa sasa. Ncha moja ni miaka 20 iliyopita, ncha ya pili ni miaka 20 ijayo. Kila mwanafunzi hutundika kikaratasi mahali alipozaliwa, kisha kingine mwisho wa kamba chenye umri atakaokuwa nao. Wanafunzi wetu walicheka walipojiona wana miaka 32, wengine wakasema watakuwa na watoto walio Darasa la Kwanza. Papo hapo mwalimu anaweza kuingiza hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Tofauti ni 1,019,187. Waulizwe: watu hao zaidi ya milioni moja wanalala wapi, wanachota maji wapi, na taka zao zinakwenda wapi?

Kipindi cha pili: Kuwauliza wazee. Wanafunzi hutumwa kwa vikundi kwa wazee wa mtaa wakiwa na maswali matatu tu: Hapa palikuwaje ulipohamia? Nini kimebadilika? Nani aliamua kibadilike? Ni vema mwalimu awatembelee wazee hao kabla, ili watoto wasipokelewe kama wachokozi. Kikundi kimoja kilikwenda kwa mzee aliyewaeleza kwamba safu ya nyumba zilizo nyuma ya shule ilikuwa mashamba ya mpunga, na kwamba pale penye kituo cha bodaboda palikuwa na kisima. Watoto wakamwuliza, “Babu, nani aliamua mashamba yawe nyumba?” Mzee alinyamaza kitambo, kisha akawajibu, “Wajukuu zangu, hapana aliyeamua. Kila mtu alijenga chake.”

Jibu hilo liliandikwa na watoto kama lilivyo, nasi tuliona kwamba lilifundisha kuliko ukurasa mzima wa kitabu cha kiada. Mwalimu aliweka jibu hilo karibu na habari ya Mnazi Mmoja, ambapo wachache waliamua kwa nia ya kuwatenga watu, na uwanja wenyewe ukaja kuwa wa watu wote. Wanafunzi walitambua mambo mawili: kwamba kutoamua nako ni kuamua, na kwamba ardhi iliyoachwa wazi hudumu kuliko nia ya yule aliyeiacha.

Kipindi cha tatu: Kutembea na kuchora. Darasa hutoka nje na kuchora ramani ya mtaa kwa hatua za miguu: njia, mifereji, vyoo vya umma, visima, miti, na kila mahali palipo wazi. Mwalimu aombe ofisi ya mtaa au ya kata imwonyeshe mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, kama upo, ili wanafunzi waulinganishe na ramani yao.

Kipindi cha nne: Kuchagua kwa maharage. Kila kikundi hupewa maharage kumi na orodha ya mahitaji sita ya mtaa: mfereji, zahanati, uwanja wa michezo, soko, barabara na madarasa. Maharage hayatoshi mahitaji yote, na ndiyo makusudi yake. Kikundi kikishagawa, hujibu maswali mawili mbele ya darasa: Mmekiacha nini? Na nani atakosa kwa sababu mmekiacha?

Kipindi cha tano: Kuandika na kusema. Wanafunzi huandika barua moja ya darasa yenye mapendekezo mawili tu, sababu zake, na hasara zake, na huisoma mbele ya watu wazima wenye madaraka juu ya mambo hayo.

Yaliyotokea Darasani

Katika kipindi cha tatu wanafunzi waligundua jambo ambalo sisi hatukulitazamia. Katika mchoro waliouona ofisini, kipande cha ardhi kilicho karibu na shule kilikuwa kimeandikwa kuwa eneo la wazi. Kwenye ramani yao, theluthi moja ya kipande hicho ilikwisha jaa vibanda, na nguzo za fremu mbili za maduka zilikuwa zimesimamishwa. Hapo ndipo wanafunzi wanapochezea mpira, na ndipo maji ya mvua yanapotuama kabla ya kuingia mferejini.

Darasa liliwaka moto. Karibu wote walitaka vibanda viondolewe. Ndipo mtoto mmoja wa kike aliposimama na kusema, “Mwalimu, mama yangu anauza mihogo pale. Akiondolewa, nani atanilipia daftari?” Darasa likawa kimya. Mwanachuo wetu alitutazama sisi tuliokuwa tumeketi nyuma, na tulikiona kishawishi cha kusimama na kumsaidia. Hatukusimama. Baada ya muda aliligeukia darasa na kuuliza swali ambalo tangu siku ile tunalifundisha kwa wanachuo wote: “Mwenzenu ametuambia atakachokosa leo. Nani atatuambia tutakachokosa sote miaka 20 ijayo? Na je, yako mambo yanayoweza kukaa pamoja?”

Mjadala ulichukua kipindi kizima na nusu ya kile kilichofuata. Hatimaye barua ya darasa haikuomba vibanda vivunjwe. Iliomba vibanda vilivyopo vipangwe kwenye ukingo mmoja, kando ya barabara ambako wateja wanapita. Fremu za kudumu zisijengwe. Na sehemu iliyobaki iachwe wazi kwa michezo na kwa maji. Katika hasara, wanafunzi waliandika kwamba wauzaji wawili watasogezwa mbali na kivuli cha mwembe. Yule mtoto ndiye aliyeidai sentensi hiyo iandikwe, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mama yake.

Kutoka Darasani Hadi Mkutano wa Mtaa

Mwenyekiti wa mtaa aliwapa wanafunzi robo saa katika mkutano mkuu wa mtaa. Walisoma barua yao, wakaonyesha ramani, wakaketi. Wapo waliowapongeza, na yupo aliyesema kwamba watoto wametumwa na walimu. Tuliyaona pia matatizo ya kawaida ya mikutano ya namna hiyo. Wanaume wachache wenye nyumba walizungumza kwa muda mrefu. Wanawake wengi walikaa kimya. Wapangaji, ambao ni wengi, walikuwa pembeni, mmoja alitunong'oneza, “Mimi mpangaji tu, mwakani huenda nimehama. Ya miaka 20 yananihusu nini?”

Swali hilo si la uvivu, wala halijibiwi kwa hotuba. Mtu ambaye hana hakika ya kodi ya mwezi ujao ana haki ya kuona kwamba miaka 20 ni anasa ya wenye nacho. Lakini mpangaji huyu akihama huhamia mtaa mwingine uleule wa jiji hili, ambako mpangaji mwenzake naye amekaa kimya kwa sababu hiyo hiyo. Tukiwaacha wote wanyamaze, jiji litapangwa na wenye nyumba pekee.

Hapa walimu wetu wa zamani wanatufaa. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi vidogo kwa msaada wa redio, vitabu vyepesi na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo. Kikundi kilisikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikatenda jambo nyumbani kwa wanakikundi: kuchimba choo, kufukia madimbwi. Nguvu ya njia hiyo ilikuwa udogo wa kikundi na ukaribu wa kazi. Asiyethubutu kusema mbele ya watu mia mbili husema mbele ya kumi.

Kwa hiyo tulimwomba mwenyekiti aahirishe uamuzi kwa majuma mawili. Wanachuo wetu waliwagawa wakazi waliokubali katika vikundi vya watu kumi kumi: wauzaji peke yao, wapangaji peke yao, wazazi, vijana, wazee. Kila kikundi kilipewa maharage kumi na maswali yale yale mawili. Mkutano uliporudi, kila kikundi kilitoa msemaji. Ulikubali pendekezo la watoto kwa marekebisho: wauzaji wapewe miezi sita kabla ya kuhama, na eneo la wazi lipimwe na kuwekewa alama. Uamuzi uliandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ikabaki shuleni.

Hatuwezi kusema kwamba mambo yote yametengenea. Tunapoandika makala haya wauzaji wamekwisha sogea, lakini alama hazijawekwa, na nguzo za fremu mbili bado zimesimama. Mwalimu mkuu ameliingiza jambo hili katika kazi ya Darasa la Sita la kila mwaka: kupima eneo kwa hatua za miguu, kulinganisha na ramani ya mwaka uliopita, na kumwandikia mwenyekiti. Viongozi watabadilika, Darasa la Sita litakuwapo daima.

Tahadhari na Tathmini

Tumejiuliza mara nyingi kama tulifanya haki kuwaingiza watoto katika shauri la watu wazima. Mama wa yule mtoto alitujia akiwa amekasirika, na alikuwa na sababu, hatukumwendea kabla. Tangu hapo tumeweka masharti matatu. Kwanza, mwalimu awatembelee mapema wote ambao kazi au makazi yao yatajadiliwa. Pili, barua iwe ya darasa zima. Mtoto mmoja asisemwe wala asitajwe jina. Tatu, mwalimu asiwe na jibu lake mfukoni. Akiwa amekwisha amua anachotaka watoto waseme, hilo si somo la uraia tena.

Katika kutathmini, mtihani wa kutaja matatizo matano ya miji hautoshi. Sisi hutumia vipimo vitatu: Je, mwanafunzi anaweza kueleza jinsi mahali fulani palivyokuwa, palivyo na panavyoweza kuwa? Anaweza kutaja hasara ya pendekezo analoliunga mkono? Anaweza kueleza kwa haki hoja ya mwenziwe asiyekubaliana naye? Kipimo cha pili ndicho kigumu kuliko vyote, hata kwa wanachuo wetu.

Hitimisho

Mwaka uliofuata tulirudia zoezi la kuchora jiji la miaka 20 ijayo, lakini safari hii tuliliweka mwisho, baada ya vipindi vyote vitano. Maghorofa yalikuwapo bado, na si vibaya. Lakini ilikuwapo mifereji, vyoo na miti, na katika picha nyingi kulikuwa na nafasi nyeupe iliyozungushiwa mstari wa kalamu. Tulimwuliza mwanafunzi mmoja kwa nini hakuchora kitu katika nafasi ile. Alijibu, “Hapo pasijengwe, Mwalimu. Hapo ni pa watakaokuja.”

Maswali ya Majadiliano kwa Wanachuo

1. Chagua mahali pamoja karibu na shule ya mazoezi. Ni wazee gani utawauliza habari zake, na utawaendeaje?
2. Tayarisha orodha ya mahitaji sita ya mtaa huo kwa zoezi la maharage. Kwa nini yasiwe matatu, wala kumi na mawili?
3. Mwanafunzi anasema, “Sisi ni watoto, hakuna atakayetusikiliza.” Utamjibuje bila kumdanganya?
4. Mwandikie mzazi anayefanya biashara katika eneo la wazi barua ya kumweleza somo utakalofundisha, kabla hujalifundisha.